Swali Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Shinyanga, nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilitarajia kupewa kisu. Mkuu wa Idara ya Upasuaji alinipa kigoda. Alinikalisha kando ya kitanda cha mzee mfugaji aliyepigwa pembe na fahali wake, akaniambia, "Muulize amefikaje hapa."

Niliona ananidharau. "Mkuu, pingili ya mgongo imevunjika. Picha ya eksirei ninayo."

"Picha inakuonyesha mfupa. Haikuonyeshi njia aliyopita. Muulize."

Nikamuuliza kwa Kisukuma changu cha kuungaunga. Mzee alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, amelazwa juu ya mlango walioung'oa nyumbani kwake, amefungwa kwa kanga za wake zake asitikisike. Vidole vya miguu yake bado vilikuwa vinacheza. Mkuu akasema wale kina mama wameshafanya nusu ya upasuaji, sisi tumalizie nusu iliyobaki. Nilicheka, nikadhani ni utani wake.

Kwa ninyi vijana msiojua kazi hii, mgongo ni pingili zilizopangana, na katikati yake umepita uti, kamba laini inayopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi vidole vya miguu. Pingili ikivunjika tunainyoosha na kuifunga kwa vyuma na skrubu. Uti ukishakatika, hakuna fundi. Mtu aliyevunjika pingili huku uti ukiwa bado mzima ni kama trei ya mayai: anaweza kufika salama, anaweza kuharibikia njiani.

Kutoka Shinyanga nilihamishiwa Geita, chini ya Mganga Mfawidhi aliyekuwa anatukagua kucha kama watoto wa shule ya msingi. Huko ndiko dhahabu ilikobadilisha wagonjwa wangu. Badala ya wafugaji nikawa napokea wanaapolo, ndivyo wanavyojiita wachimbaji wadogo, walioangukiwa na kifusi ndani ya duara, lile shimo wanaloshukia kutafuta mawe. Nikaenda masomoni, nikarudi bingwa wa mgongo, na mwisho nikapangiwa Kahama. Sasa mkuu wa idara nikawa mimi. Nilikuwa na mkono mzuri, hilo nalisema bila haya. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yanapungua kadiri cheo kilivyopanda.

Miaka yangu ya mwisho chuo kimoja cha udaktari kilianza kutuletea wanafunzi wa mwaka wa utafiti. Mwanafunzi anasimamisha masomo mwaka mzima, anakaa chini ya mlezi mmoja, anajifunza kuuliza swali na kulitafutia jibu kwa wagonjwa halisi. Mlezi ndiye anayesaini kila karatasi. Mimi nililetewa Kabula, binti wa muuza mchele wa Nyasubi, mwembamba, mpole, mbishi kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unajua kusoma mwandiko wa madaktari?"

"Wa kwako nimeshaujaribu, Daktari. Nimeshindwa."

Nilimpenda papo hapo. Utafiti wetu ulikuwa kuangalia kama kumfunga mgonjwa vyuma mapema kunamrudishia nguvu za miguu. Kabula alifukua mafaili, akapima miguu ya wagonjwa kwa kugusa ngozi na ncha ya pini, "Unahisi hapa? Na hapa?", akajaza dodoso, yaani ile fomu ya maswali iliyokwisha kupata kibali cha maadili. Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akimaliza kumpima mgonjwa alikuwa anakaa kupiga soga na ndugu zake.

Kwa soga hizo alikutana na Mama Shija, mke wa Masanja, mchimbaji wa Mwakitolyo aliyelala kwetu miguu imepooza. Asubuhi moja Kabula akaja ofisini na daftari.

"Daktari, Masanja alitoka duarani anachezesha vidole vya miguu. Mke wake alimwona kwa macho yake."

"Ndugu husema mengi."

"Anasema pale duarani kwao mtu aliye hai habebwi amelala. Anayetolewa amelala ni maiti, na akishatoka hivyo wenzake wanaogopa kushuka tena, wanasema shimo limekula. Kwa hiyo wakamkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, wakamshika mabega, aonekane mzima. Alipofika hapa hahisi kitu."

Alikuwa ameongeza swali jipya chini ya dodoso kwa mwandiko wake safi: "Mgonjwa alibebwaje kutoka eneo la ajali?" Alitaka tuwaulize wote. Alitaka pia twende Mwakitolyo na ubao wa kubebea mgonjwa, tuwaonyeshe wachimbaji namna ya kumlaza mtu.

Nasikitika kuandika nilichojibu. Kuongeza swali ni kurudi kuomba kibali upya, na mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilitaka niondoke na makala yenye jina langu juu, inayohusu skrubu zangu, isiyohusu pikipiki. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalikata lile swali.

"Sisi ni wapasuaji, mwanangu. Hatusafirishi watu."

"Kwenda kuwaonyesha tu hakuhitaji kibali, Daktari."

"Nimeshasema."

"Sawa, Daktari."

Wiki nane baadaye akaletwa Malale, mdogo wake Masanja, kutoka duara lile lile. Nilimwona kwa macho yangu akishushwa getini kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati amekalishwa wima, kichwa kinaning'inia. Mama Shija alikuwa anakimbia nyuma, akimlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu we! Mayu we!" Kabula alimpima kwa ncha ya pini.

"Unahisi hapa, kaka?"

"Hapana. Nilikuwa nahisi. Mpaka pale kwenye tuta la barabarani. Tuliporuka tuta, ikakata."

Alijua mahali penyewe alipoiacha miguu yake. Nilimfanyia upasuaji uliokuwa mzuri kuliko wote niliowahi kufanya, skrubu zimenyooka, muuguzi wa chumba cha upasuaji akanisifu. Miguu haikurudi. Kabula alijaza dodoso lake kama kawaida, na ningefurahi kama angenitukana. Jumamosi iliyofuata nilimpa gari la idara, akaenda Mwakitolyo na ubao pamoja na Mama Shija. Wachimbaji walimsikiliza. Ilimchukua asubuhi moja tu.

Nimestaafu sasa. Ninaishi Shinyanga, nina ng'ombe wachache na mgongo unaouma, na watu wananiita bingwa mpaka sokoni. Juzi makala yetu ilitoka, ikaniletea fahari ya dakika kama tano hivi. Karibu na mwisho, kwenye mapungufu ya utafiti, Kabula ameandika kwamba taarifa za namna wagonjwa walivyobebwa hazikukusanywa. Sababu hakuiandika. Amenistahi hata hapo.

Nilimkumbuka mkuu wangu na kile kigoda. Kitu cha kwanza kabisa nilichofundishwa katika kazi hii ndicho nilichomkataza mwanafunzi wangu wa mwisho. Kesho yake nikapanda basi kwenda Mwakitolyo.

Malale nilimkuta uani kwa kaka yake, kwenye kiti cha magurudumu, anashona viatu. Alifurahi kuniona, akaagiza niletewe maji ya kunywa. Sikuyagusa. Nikamweleza yote: swali, kalamu nyekundu, safari ya ubao niliyomkatalia Kabula.

Aliweka kiatu chini.

"Kwa hiyo yule binti alijua."

"Alijua."

"Kabla yangu?"

"Wiki nane kabla yako."

Aliitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha.

"Ukimwona," akasema, "mwambie Malale anamshukuru."

Akageuza kiti chake, akaingia ndani.