Matunzo ya Binti Yangu

Laiti ningemkatalia yule fundi cherehani wa Gerezani aliyemuoa mtalaka wangu. Barazani kwa liwali, Kariakoo, niliulizwa naweza kutoa nini kwa matunzo ya binti yetu, na liwali alikuwa tayari kupanga kwa kadiri ya mshahara wangu wa ukarani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kanga mpya ya mwanamke yule, na roho iliniuma.

“Bwana, kama ni shida, niachie mimi,” fundi alisema kwa upole.

“Haya! Umemchukua mama, mchukue na mwana!”

Watu walicheka, nami nikajiona mshindi.

Siku ya harusi yake binti alinisalimu, “Shikamoo, mzee.” Fundi alimwita baba. Mimi hajaniita hivyo hadi leo.