Damu Iliyoingia Kidoleni

Nilikuwa nakata vitunguu kwenye banda langu la chakula pale Nyarugusu, kisu kikateleza kikanichana kidole. Halikuwa jeraha la kumsimulia mtu. Nilikifuta kidole kwa kanga, nikaendelea.

Kabla wali haujaiva, karasha ikanyamaza. Ile ndiyo mashine inayosaga mawe ya dhahabu, na ikinyamaza saa za kazi kila mtu hugeuka. Kijana aliyekuwa akiilisha mawe alikuja mbio kwangu, mkono kauinua juu, damu inachuruzika hadi kiwikoni. Mkanda wa mashine ulikuwa umemchana. Nilimkalisha kwenye benchi, nikavua kanga ya kiunoni, nikalikandamiza jeraha kwa mikono miwili.

Nilimjua kama mteja tu, mtu mpole anayependa kuwekewa ukoko. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu.

"Dada, hicho ni kidonda?"

"Kisu cha vitunguu hicho. Tulia."

"Niachie, nitajikandamiza mwenyewe. Wewe kanawe kwa sabuni na maji mengi."

Nilidhani maumivu yamemvuruga akili. Akaniinamia, akasema taratibu: "Natumia dawa za kufubaza virusi. Miaka sasa. Kanawe, halafu twende wote kituo cha afya."

Nikaachia. Mama wa mihogo jirani yangu akapiga kelele nikamue kidole, nikimwagie mafuta ya taa. Sijui kwa nini nilimsikiliza yule kijana badala yake. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ndoo ikaisha. Tukapanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asidondoke.

Kituoni daktari alimchukua kwenda kumshona. Mimi nilipokelewa na muuguzi wa makamo, Msukuma mwenzangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajamaliza kuvaa glovu nikawa nimeshamweleza yote. Nilipomtajia mafuta ya taa, alitikisa kichwa.

"Ulifanya vizuri kutokamua. Sabuni na maji vinatosha."

Alinipima, majibu yakawa safi, ila akasema hayo ni ya kabla ya leo. Akaniletea vidonge.

"Kama mwenzako anameza dawa vizuri na virusi vyake vimefubaa, hatari yako ni ndogo sana. Lakini mwenyewe anasema kipimo chake cha mwisho ni cha zamani, na mimi sikisii. Anza sasa hivi. Zikipita siku tatu, hizi hazikusaidii tena."

Hofu nilikuwa nayo, ila kitu kingine kilikuwa kinanisumbua zaidi.

"Sasa hivi viko wapi?"

"Nini?"

"Hivyo virusi. Dakika hii."

Alicheka, akavuta kiti. "Kama vimeingia, vinahangaika jirani na kidonda. Virusi havizaani vyenyewe. Lazima viingie ndani ya chembe hai ya mwili wako, viigeuze kiwanda chao. Dawa inazuia kiwanda kisiwake."

"Na kikiwaka?"

"Ndiyo maana nakwambia usiruke kidonge hata kimoja."

Nilimeza karibu mwezi mzima. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilinitapisha, nikawa napika nimejifunga mtandio puani. Mume wangu alipokuja kutoka nyumbani, upande wa Kolandoto, nilimweleza kila kitu na kumwambia kwamba mpaka vipimo viishe ni kondomu. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Vinaijuaje chembe ya kuingia?" akauliza. "Vina macho?"

"Havina."

"Sasa vinajuaje?"

Nikamwambia atamuuliza muuguzi.

Yule kijana alipona, ingawa vidole viwili havikunjiki tena, akahamia kazi ya kulinda mawe. Siku moja nikimpakulia nilimuuliza ilikuwaje akaniambia, maana angenyamaza nisingejua kamwe.

"Mimi hakuna aliyeniambia," akasema, akavuta sahani.

Kipimo cha mwisho tulienda wote, mimi na mume wangu. Majibu yangu yalikuwa safi kama ya kwanza, na ya mume wangu pia. Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka. Muuguzi alitupa mkono wa kwaheri, akadhani tumemaliza. Mume wangu hakuinuka. Aliuliza swali lake la macho.

"Virusi vina vichomozo juu yake," muuguzi akamweleza, "na chembe ya mwili ina sehemu ya kuvipokea. Vinagusana kama ufunguo na kitasa. Visipolingana, virusi vinapita tu."

Alishukuru kwa Kisukuma, tukatoka. Tulikuwa tumeshafika stendi, nanunua karanga, aliposimama katikati ya watu.

"Lakini kitasa chenyewe," akasema, "mwili unakitumia kufanyia nini?"

Tukageuka, tukarudi kumuuliza.