Zahoro na Mguu wa Bihogo

Zamani za Mwingereza, wachezaji mpira wa Bukoba hawakuwa na daktari wao; walikuwa na Zahoro wa Rwamishenye, aliyewachua misuli kwa samli ya moto. Mikono alijaliwa. Ila alijiamini kupita kiasi: alidai mguu wowote akiutupia jicho mara moja, anajua unaumwa nini.

Sifa hizo zilimfikia Kamugisha, mkulima wa kahawa kule Rubya, ambaye ng'ombe wake mwekundu, Bihogo, alikuwa akichechemea. Akamwita. Zahoro hakuwa amepata kuchua chenye kwato, lakini angekataaje, na sifa zimeshatangulia? Akamtazama Bihogo akipita kando ya migomba, akaona mguu wa mbele wa kulia unavyokita chini kwa nguvu, akatangaza kwamba ugonjwa uko hapo. Akauchua asubuhi na jioni. Bihogo alifumba macho, akacheua kwa raha, mwishowe akawa anamnyooshea mguu mwenyewe. Kuchechemea hakukupungua hata chembe.

Theopista, mke wa Kamugisha, alivumilia mpaka akachoka.

“Waitu Zahoro,” alimwambia kwa upole, akimwita kwa heshima ya Kihaya, “tazama kichwa. Akikanyaga wa kushoto anakiinua, ili asiuelemee. Huo wa kulia ndio unaombebea mzigo. Unauchua mzima.”

Zahoro aliuachia mguu wa kulia. Akaomba ng'ombe apitishwe tena, na tena, mpaka naye akaona. Akahamia bega la kushoto, akakuta msuli umekaza kama kamba, akaulainisha taratibu. Alipoaga, Bihogo alikuwa anatembea sawasawa.

Tangu hapo hakumgusa mchezaji kabla hajamtembeza barabarani. Muharami, winga, alikuja ameshika paja la kulia. Zahoro akamtembeza mbele ya watu, wakacheka, kisha akachua kifundo cha kushoto. Muharami alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Walifungwa, lakini Zahoro alisema kulenga goli si kazi ya samli.

Mazoea yakamfuata nyumbani. Mkewe, Zuena, akienda kisimani, Zahoro alimkodolea macho hatua kwa hatua, akitafuta kichwa kinainuka lini.

“Ukitaka kujua ninapoumwa, uliza,” Zuena alimwambia. “Ni mgongo. Ni kwa kuchota maji peke yangu.”

Kesho yake majirani walimwona Zahoro na ndoo, akipanda kilima, na yeye mwenyewe akichechemea kidogo.