Ukungu wa Eyotaru

Muhogo wa Eyotaru wa kijiji cha Midia, sikwambii! Aliumenya, akaurundika, akaufunika kwa majani mpaka ukaota ukungu, kisha akaukwangua na kuuanika. Uchungu wote kwisha. Ndivyo walivyofanya mama yake na bibi yake, na hakuna aliyedhurika. Basi kwake ukungu ulikuwa rafiki wa jikoni.

Kwa hiyo karanga zilipoota ukungu ghalani, azitupe kwa nini? Nzuri zilikwenda soko la Koboko. Mbovu alizifuta, akazikaanga, akazisaga, akamtilia mumewe Obeti kwenye mboga. Obeti alilamba vidole, miaka nenda miaka rudi.

Sasa Obeti kalala mkekani, tumbo limevimba, macho ya manjano. Daktari huko Arua alishasema ini limekwisha, mrudisheni nyumbani.

Leo akaja Jalia, binti wa Arua anayepima vyakula maabarani. Alikuwa amechukua karanga za kijiji, za Eyotaru zikiwamo, sasa akaleta majibu.

"Mama, karanga yako iko na sumu. Ukungu ndiyo inatengeneza."

"Ukungu? Si ndiyo inasafisha muhogo?"

"Ule ni mwingine. Huu iko na jeni, yaani maagizo ndani ya mwili wake, ya kupika sumu ya ini. Iko na ndugu yake, hana jeni ile. Kwa macho wote sawa tu. Hata mimi siwezi kuwajua bila kupima."

"Lakini mimi nafuta! Nakaanga!"

"Moto hapana maliza hii sumu, mama."

Eyotaru akashika kichwa. "Ndiyo imeua ini ya mzee yangu?"

"Inaweza. Hakuna mtu anaweza kuapa."

"Dawa je?"

Jalia akatazama chini. "Kwa ini imefika pale, hapana."

Maskini Eyotaru! Wasemao majuto ni mjukuu hawakumwambia kwamba mjukuu mwenyewe huja na mkeka wake, akakaa. Alitamani ardhi immeze.

Kutoka ndani Obeti akaita chakula. Kwa mara ya kwanza Eyotaru alisaga karanga nzuri za kwenda sokoni, safi, akampelekea, Jalia nyuma yake. Mzee akaonja, akasukuma bakuli.

"Hii hapana yako. Haina ladha." Akamgeukia mgeni. "Binti yangu, daktari wameshindwa. Chakula ya huyu mama ndiyo imenishika mpaka leo. " Akamtazama mkewe. "Mama Moris, kesho pika ile ya zamani."

Eyotaru akafungua mdomo amwambie.

"Ndiyo, mzee," akasema.