Kivuli Kwenye Amerikani

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilirudi Mbozi kutoka chuo kikuu kule Uganda, nimesoma fizikia na nimenunua taa ya karabai. Nilipokwenda Igamba kuposa niliibeba, wakwe waone kwamba binti yao haolewi gizani.

Kwa desturi yetu mchumba na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Basi walitundika pazia la amerikani, jipya, jeupe, likakigawa chumba: huku mimi, kule mama mkwe na wifi yake. Neno la mwisho lilikuwa la mama, na alikwisha kuwakataa wachumba wengine. Niliogopa kuliko mtihani wowote.

Nilimweleza baba mkwe, bila kuulizwa, kwamba udongo huuzuia mwanga, kioo huupitisha, na kitambaa huupitisha nusunusu. Akasema, "Hewaa," akatoka na mshenga wangu kwenda kuzungumzia ng'ombe. Nikabaki na ugali na kuku, nimeligeuzia pazia ubavu mmoja, macho chini kwa adabu. Ubavu wa pili niliiweka karabai, ikivuma.

"Mkwe, unakula?" shangazi, yule wifi wa mama, aliuliza kutoka kule.

"Nimeshiba, shangazi. Mimi huwa naonja tu."

Mkononi nilishika paja. Nililing'ata, nikanyonya mfupa, nikalamba vidole kimoja kimoja.

"Ongeza kidogo, baba."

"Siwezi, kweli." Nikachukua paja la pili.

Kule ng'ambo kikasikika kikohozi, kisha kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo.

"Wifi," mama mkwe alisema, "mwambie huyo anayeonja apumzike. Atameza na mfupa."

Nikainua macho. Kwenye amerikani liliketi jitu lenye taya za kiboko, limeshika paja kama la ndama. Nikalishusha paja langu. Jitu nalo likashusha lake.

"Usilirudishe," shangazi akasema, "limeshang'atwa."

Baba mkwe aliporudi, mama hakungoja aulizwe.

"Nilidhani msomi atakinusa chakula chetu na kukiacha. Huyu nimemwona. Binti amchukue. Ng'ombe mtajua wenyewe, ila kuku waongezwe, na awalete yeye."

Niliwaleta kutoka Tunduma, kwenye tenga nyuma ya baiskeli. Kila kijiji nilichopita walinisimamisha kuniuliza nauzaje.