Kuwatafuta Waliohama wa Azimio

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe ni "amehama".

Wenzangu wa darasa la jioni hapa Nyakato, Mwanza, mnanijua. Shule sikumaliza. Mengi niliyonayo niliyapata kwenye vitabu vya kuazima, na ndiyo maana naogopa kukosea. Mtu aliyesoma akikosea, watu husema amepitiwa. Mimi nikikosea, nawasikia wakisema walijua tangu mwanzo. Basi nilipopata kibarua cha kunakili madaftari ya wapiga kura, ambacho nilipewa kwa ajili ya mwandiko wangu tu, kila mstari niliusoma na kuurudia. Katika daftari la kijiji cha Azimio, ng'ambo ya ghuba, nikakuta kurasa nzima ambazo kila jina lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: amehama. Amehama. Amehama. Nikatafuta kwenye madaftari ya vijiji vya jirani. Hakuna kijiji kilichowapokea. Watu wote wale walikuwa wametoka na hawajafika popote.

Nilimwuliza msimamizi wetu.

"Pengine wamekufa," alisema bila kuinua macho.

"Wote, mzee?"

"Binti, wewe nakili."

Wiki iliyofuata, karani aliyepangiwa kwenda Azimio alishikwa na malaria. Kazi yake ilikuwa kuhakiki daftari na kuwafundisha wanakijiji waliojitolea kusimamia kituo siku ya uchaguzi. Msimamizi akanikumbuka. "Wewe mwenye maswali, nenda ukawaulize wenyewe. Boti itakurudia Ijumaa mchana. Asiyekuwemo kwenye daftari siku hiyo, kura hapigi."

Jumatatu asubuhi nilikuwa bandarini kabla hata walinzi hawajabadilishana zamu. Daftari nililifunga kwa nailoni, kisha kwa kanga, kisha nikalikumbatia. Nilikuwa na rula, kalamu mbili na karatasi za mfano za kura, nilizozikata mwenyewe zikalingana pembe kwa pembe. Boti ilibeba magunia ya chumvi, mapipa ya mafuta ya taa na kina mama wawili waliokuwa wakirudi na baiskeli mpya iliyovishwa makaratasi kama bibi harusi. Mawe makubwa ya Mwanza yalirudi nyuma yetu taratibu. Katikati ya ghuba niliona moshi mweusi ukisimama juu ya maji, nikashtuka.

"Kuna chombo kinaungua!"

Nahodha alicheka. "Ni wadudu, dada. Funga mdomo tukipita, labda kama hujanywa chai."

Tukapita ndani yake. Nilifunga mdomo na macho, na bado nilitoa wadudu masikioni mpaka jioni.

Saa nane mchana tulifika Azimio. Nitasema ukweli: nilikipenda kijiji kwa jambo ambalo baadaye lilinitia aibu. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari iliyonyooka, kama daftari la hesabu. Safu za juu zilikuwa mlimani, karibu na shule. Safu za chini zilikuwa ufukoni, karibu na mitumbwi. Katikati palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa turubai, na kuku wamelala juu yake.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, alikuja kunipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karani yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akachungulia botini nyuma yangu, kama mtu anayetafuta mzigo wa pili. Kisha akanipeleka nyumbani kwake, safu ya juu kabisa.

Mke wake, Mama Kulwa, alitukuta mlangoni akipanda kutoka ziwani na debe la maji kichwani. Aliongea nami muda wote akishusha debe, bila kumwaga tone. Nilipewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, halafu ugali wa muhogo na samaki wadogo, furu, wa kuchemsha. Sisi watu wa Bukoba bila ndizi hujiona hatujala, lakini siku hiyo nililamba sahani. Nikauliza kuhusu turubai.

"Hiyo mashine ya kusaga," Mama Kulwa alisema. "Tumeipata tangu mavuno yaliyopita."

"Mbona haisagi?"

"Watu wa juu wanataka ijengewe juu. Watu wa chini wanataka chini. Mkutano ukiitwa, mikono inanyooshwa, watu wanatazamana, wanakaripiana, mwisho tunaimba tunarudi nyumbani." Alinionyesha viganja vyake, vilivyokuwa vigumu kwa jiwe la kusagia. "Kuku ndio wanaifaidi."

"Itakaa huku juu," Mzee Masanja alisema. Mama Kulwa alinijazia sahani.

Ndipo nilipofungua daftari na kuuliza swali lililonivusha ziwa. Waliohama walikwenda wapi?

Mama Kulwa alisoma majina, alikuwa amehitimu elimu ya watu wazima, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akaelekeza kidevu ufukoni. "Si hao?"

Zamani walikaa mbalimbali, kila mmoja kwenye shamba lake nyuma ya mlima. Ilipokuja operesheni ya vijiji wakahamishiwa chini, ndani ya Azimio hiihii. Karani wa wakati ule alikwenda kwenye maboma yao, akakuta matupu, akaandika alichokiona. Hakuna aliyemwambia ateremke.

Nilifurahi kama mtu aliyefumbua fumbo. Nilidhani kesho yake ningewaita, wangekuja, na mabalozi wao wa nyumba kumi wangethibitisha, nami ningeandika. Usiku ule nililala vizuri.

Jumanne nilikaa chini ya dirisha la shule na daftari wazi, nikangoja. Kutoka ufukoni hakuja mtu. Saa tano nikateremka mwenyewe. Nilimkuta Mzee Mashauri, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye kurasa nyekundu, akishona wavu kwa kidole cha mguu na mikono miwili.

"Mwangaluka, mzee," nilisema, Kisukuma changu chote kikiishia hapo.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa majina?"

"Ndiyo, mzee. Hapa umeandikwa umehama."

"Ni kweli. Nimehama kutoka kule," akaonyesha mlima kwa kidevu, "mpaka hapa. Unaniona?"

"Nakuona. Ndiyo maana nataka nikurudishe kwenye daftari."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Binti yangu, mara ya mwisho niliandikwa jina langu vizuri kabisa. Mwandiko mzuri kama wako. Wiki ya pili lori likaja, likabeba kitanda changu na mimi juu yake. Sasa unataka uniandike tena. Lori la safari hii litanipeleka wapi? Ndani ya maji?"

Vijana waliokuwa wakianika dagaa walicheka sana. Nilikuwa nimesoma maelekezo yote mpaka nayajua kwa moyo, na jibu la swali lile halikuwemo. Nikapanda mlima nikiwa nimeshika kalamu isiyo na kazi.

Jumatano ilikuwa siku ya mafunzo. Waliojitolea walikuwa kumi na ushee, wengi wao mabalozi, pamoja na Mama Kulwa. Nilianza kusoma maelekezo. Kabla sijafika nusu, watu wawili walikuwa wamesinzia na mmoja alikuwa akimkatia mwenzake kucha. Nikaona tufanye uchaguzi wa mazoezi. Lakini alama za uchaguzi wenyewe, jembe na nyumba, nilikatazwa kuzigusa, isije ikaonekana tunapiga kampeni.

"Tuchague kitu kingine," nilisema. "Kitu chochote."

Mama Kulwa akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Basi tuchague mashine ikae wapi."

Waliosinzia waliamka. Alama ya juu ikawa mlima, ya chini ikawa samaki. Mzee Masanja alikubali matokeo yaheshimiwe, kwa sababu alikwisha kuhesabu kichwani: waliomo kwenye daftari karibu wote walikuwa wa juu.

Alhamisi asubuhi kijiji kizima, juu na chini, kiliitwa kupiga kura, na darasa likageuka kituo. Sanduku la majani ya chai lilifungwa kwa kamba, kitenge kikatundikwa pembeni kuwa chumba cha siri, na kamba ikavutwa nje kwa ajili ya mstari. Nikasimama mbele nikaonyesha. Nilichukua karatasi, nikaweka alama ya vema kwenye mlima, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza, nikaiinua wote waione, nikaikunja mara mbili, nikaitumbukiza. "Hivyo," nilisema.

Watu wakapita mmoja mmoja. Mama Kulwa alishika daftari, akatafuta kila jina kwa rula yangu. Watu wa ufukoni waliokatwa walipofika, nilisema kanuni ni kanuni, na karatasi sikuwapa. Mzee Mashauri alifika mezani akiwa amevaa koti.

"Jina limo, mzee, lakini limekatwa," Mama Kulwa alimwambia. "Umehama."

"Haya. Aliyehama anakwenda kukaa pale," akasema, na wenzake wakamfuata nyuma ya kamba, wakikonyezana. Nilijisikia vibaya na nilijisikia sahihi. Nakiri kwamba hisia ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Kura zikamwagwa mezani. Nilitegemea mlima ushinde kwa mbali, ila marundo yalikua pamoja, karatasi kwa karatasi, mpaka Mzee Masanja akavua kofia. Sikuelewa. Watu wa ufukoni waliopiga walikuwa wachache. Samaki wale walitoka wapi? Mwisho mlima ukashinda kwa kura moja. Watu wa juu wakapiga vigelegele.

Nyuma ya kamba Mzee Mashauri akanyoosha mkono, kwa adabu kama mwanafunzi.

"Ndugu karani. Ile kura ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Niliona ninaingia shimoni kabla hajamaliza. "Yangu. Ya kuonyesha."

"Mliitoa sandukuni?"

Hatukuitoa.

"Mama Kulwa," akasema, "hebu mtafute huyo kwenye daftari."

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini Mama Kulwa alikuwa amefundishwa na mimi. Akafungua ukurasa, akaweka rula, akashuka mstari kwa mstari mpaka mwisho, huku watu wote wakingoja. Kisha akanitazama usoni.

"Halimo," alisema. "Samahani, mwanangu. Kanuni ni kanuni."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Nilitamani mbao za sakafu zifunguke, ila sakafu ilikuwa ya udongo. Nikaomba kura yangu itolewe. Marundo yakawa sawasawa.

"Tunarudia kesho asubuhi," Mzee Masanja alisema, akirudisha kofia.

Kicheko kilipotulia, niliona Mzee Mashauri bado amesimama kwenye kamba, hacheki tena. Alikuwa akiyatazama yale marundo mawili. Nadhani kila aliyekuwa nyuma ya kamba alikuwa akifanya hesabu ileile: kura yake moja ingetosha.

"Binti yangu," aliniuliza, "na huko kwenu jina lako limo?"

Nililifunga daftari, nikalifungua tena.

Hakuningoja. Akainama, akapita chini ya kamba, akaja mezani. "Lori likija, nitapambana nalo. Niandike. Lakini usiandike nimehamia wala nimehama. Andika nipo."

Balozi wake akathibitisha, nikaandika. Nyuma yake mstari ulikuwa umeshafika mlangoni. Niliandika mpaka jua likazama na Mama Kulwa akaleta taa ya chemli. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya mwishoni, herufi zimelala, na sikurudia hata ukurasa mmoja.

Ijumaa asubuhi uchaguzi wa mashine ulirudiwa, nami nikawekwa nyuma ya kamba. Nilipotaka kuingia kunyoosha kitenge, balozi mmoja alinizuia. "Jina?" Nikarudi. Niliona wakikosea: mmoja alikunja karatasi vibaya, mwingine alisahau kutikisa sanduku kuonyesha ni tupu, mpaka mwenzake akamkumbusha. Waliendelea vizuri tu bila mimi.

Samaki alishinda, na kwa kura nyingi kuliko watu wote wa ufukoni. Hapo wanaume wa juu walianza kutazama wake zao. Wake zao walikuwa wakitazama ziwa, ambako huteka maji kila siku asubuhi na jioni, na ambako sasa wangeweza kushuka na mahindi na kupanda na unga. Mkutanoni walinyoosha mikono pamoja na waume zao. Nyuma ya kitenge hakukuwa na mume.

"Mama Kulwa," Mzee Masanja aliita.

"Abee."

"Wewe umepiga wapi?"

"Baba Kulwa," alisema akifunga kura kwa uzi, "karani ametufundisha hilo haliulizwi."

Mchana boti ilikuja. Walinisindikiza na michembe ya kutosha mwezi. Wanaume walikuwa wameshaondoa turubai na kuweka magogo chini ya mashine, wakiiviringisha kuelekea chini, na kuku walikuwa wakilalamika kwa sauti kubwa. Mzee Masanja alikuwa mbele, akitoa amri kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Jioni, Mwanza. Msimamizi alifunua kurasa zangu, akaguna kwa mwandiko wa mwisho. "Kumbe walikuwa wapi?"

"Palepale, mzee."

Sijui kama nilijifunza kuacha kuogopa makosa. Hata ukurasa huu nimeunakili upya. Ila wenzangu, swali la Mzee Mashauri nilivuka nalo ghuba nzima. Jina langu niliandikisha Bukoba. Miaka mitatu ninakaa Nyakato, ninanakili majina ya watu, na hapa sikuwemo. Kule, bila shaka, karani fulani ameshanikata kwa wino mwekundu.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya kuandikisha huku mjini, nilikwenda kwa balozi wetu, nikakaa kwenye benchi nyuma ya wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu. Zamu yangu ilipofika, karani, kijana mwenye mwandiko mbaya sana, aliuliza bila kuinua macho, "Umehama kutoka wapi?"

"Andika nipo," nilimwambia, na nikamsomea jina langu herufi kwa herufi.