Boksi Kavu la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na rafiki mmoja tu, na amempoteza kwa sababu ya boksi kavu. Watu wakisikia hivyo wanadhani natania. Sitanii, na ukicheka tutagombana.

Mjomba ni dereva wa teksi. Gari lake ni zee mpaka mlango wa nyuma haufunguki bila kubembelezwa. Mtaani wanamwita Kobe, maana haongezi mwendo hata kama abiria amechelewa harusi yake mwenyewe. Jina hilo alipewa na fundi wa gereji ya jirani, na huyo fundi ndiye rafiki ninayemsema. Mjomba naye alimwita Mchinjaji. Wametoka mbali hao wawili. Walianza kazi pamoja ujanani, ovaroli moja, wanavaa kwa zamu. Jioni ukipita gereji ungemkuta fundi yuko chini ya gari la mtu na mjomba amekaa kwenye siti ya basi iliyong'olewa, wanatukanana kwa raha zao.

"Kobe, hilo gari au mgonjwa wa kuhara?"

"Kaza bolti za watu, Mchinjaji. Juzi mteja wako kapitwa na gurudumu lake mwenyewe, akalipigia honi."

Kuhara kwenyewe ni kwamba gari lilikuwa linavuja oili. Ilitokea kule nyuma, injini inapokutana na giaboksi. Fundi alishasema miaka na miaka kwamba sili imechoka, yaani kile kipira cha duara kinachozuia oili isitoke. Mjomba hakutaka kusikia.

"Injini haiguswi. Ukishaigusa hairudi kama ilivyokuwa."

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Kila akilaza gari analaza na boksi lililokunjuliwa chini yake. Asubuhi analivuta na kulitazama kama mtu anayesoma gazeti. Doa dogo, anaongeza oili kidogo. Doa kubwa, anamimina mpaka roho itulie. Stiki ya kupimia oili ilivunjika kishikio zamani, kuitoa ni mpaka utafute plaizi, kwa hiyo alishaisahau. Mkewe alimwambia siku moja, "Hilo boksi unalitazama kuliko unavyonitazama mimi." Mjomba akajibu, "Wewe huvuji." Siku hiyo alikula chakula baridi.

Kitu kimoja tu kilimtisha: boksi kavu. Zamani aliendesha gari la tajiri mmoja, nalo linavuja hivyo hivyo. Siku moja likaacha. Akafurahi, akapiga na mluzi. Kumbe oili imekwisha yote, hakuna hata ya kudondoka. Injini ikakwama katikati ya safari na kazi ikaishia palepale. Tangu hapo wimbo wake ni mmoja: "Gari zee likiacha kuvuja usicheke. Limekauka."

Sasa klachi ikafa. Gari likapelekwa kwa Mchinjaji. Klachi haibadilishwi mpaka giaboksi ishushwe, na ikishushwa ile sili unaiona hii hapa, inakukodolea macho. Fundi gani atafumba macho, tena gari la rafiki yake? Akaweka sili mpya kimyakimya. Haya nimeyajua baadaye. Siku ya kuchukua gari nilikuwepo, lakini nilichosikia ni hiki:

"Klachi tayari, Kobe. Halafu kuna kitu kingine nime..."

"Funga mdomo, Mchinjaji, nina abiria ananisubiri."

"Nisikilize kidogo tu."

"Ukianza wewe kidogo ni mpaka kesho."

Akawasha, huyo. Fundi akacheka, akafuta mikono kwenye tambara. "Atajionea mwenyewe," akasema.

Na kweli alijionea. Asubuhi akavuta boksi, kavu. Akalipindua, akatazama na upande wa pili. Akaingia ndani bila kunywa chai, akatoka na kopo la oili, akamimina. Asubuhi nyingine, kavu tena. Akamimina zaidi. Mkewe akamuuliza kama gari limepona, akamwambia mambo ya magari aachiwe wenyewe. Kila boksi lilivyokuwa kavu ndivyo alivyozidi kuogopa, na kila alivyoogopa ndivyo alivyomimina.

Oili ikizidi kwenye injini haikai kwa adabu. Inachapwa ndani, inatoa povu, inatafuta pa kutokea. Ikapapata kwenye kilima, na abiria ndani. Moshi ulitoka nyuma mpaka wapita njia wakaziba pua, na ile sili mpya ikatapika. Tulilisukuma gari mpaka gereji, mimi na wengine, barabara nzima imechorwa mstari mweusi nyuma yetu.

Gereji ilijaa wateja. Mjomba hakusalimia.

"Ulifungua injini yangu. Uliiba nini humo?"

Wewe unaweza kumwambia fundi hajui kazi, atacheka. Unaweza kumwita mchinjaji. Lakini kumwambia anang'oa vifaa vya watu, mbele ya wateja, hilo halina utani. Mimi nilishakunja ngumi, maana damu ni damu, aliyemwibia mjomba kaniibia mimi.

Fundi akachukua plaizi, akavuta ile stiki, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kabisa na kuendelea kupanda. Akamshikisha mjomba mkononi.

"Nilikubadilishia sili. Ilikuwa zawadi yako. Nilitaka kukuambia, ukaniambia nifunge mdomo."

Mteja mmoja akacheka. Ngumi zangu nikazikunjua taratibu. Palepale mjomba angesema neno moja tu, samahani, yangekwisha. Akatazama stiki, akatazama watu, akasema, "Ungesema kwa sauti." Akaondoka kwa miguu.

Gari lilitengenezwa, na safari hii likatengenezwa vizuri kuliko zamani zote. Stiki mpya, na kishikio cha njano. Mjomba alipokwenda kulichukua alikuwa ameshajipanga cha kusema, njiani nilimsikia akikisema peke yake. Tukaingia. Akaelekea kwenye siti yake ya basi. Fundi akamwahi na kiti cha plastiki, kile cha wateja, akakifuta vumbi.

"Karibu mzee. Kaa hapa, pale pachafu."

Mjomba akakaa. Yale maneno hayakutoka. Fundi akamweleza kila kitu kwa upole, akamwita mzee mwanzo hadi mwisho, akamfungulia na mlango. Mimi naona bora angemrushia spana.

Tangu hapo boksi ni kavu, na mjomba analilaza vilevile. Hamimini kitu, analitazama tu.

Halafu wiki iliyopita nikalikuta lina doa, doa jipya zuri. Nikainama nikachungulia. Ile bolti ya chini ya kumwagia oili ilikuwa imelegezwa, na alama za spana bado zinang'aa. Nikamtazama mjomba. Akageuza uso.

"Linavuja tena," akasema. "Itabidi tumpelekee Mchinjaji."

Tukaenda. Fundi akalala chini ya gari na hakukaa sana huko. Kama aliziona zile alama, hakusema. Mjomba alikuwa amesimama karibu na siti ya basi, hajaikalia, kaishika tu mgongo.

"Ni gari gani hili, Mchinjaji," akajaribu. "Si mgonjwa wa kuhara?"

Fundi akatoka, akafuta mikono.

"Bolti ililegea tu, mzee. Nimekaza."

"Umekaza sana?"

"Haitalegea tena."

Akatuaga kwa heshima, akamgeukia mteja mwingine.